Usiirudishe Mashine Sandukuni

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa,
Jumatano, tarehe 9 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Natumai barua hii itakukuta ungali mzima, na neno hilo "ungali" sikuliandika kwa mazoea. Hujambo? Unaamkaje siku hizi? Kile kichwa cha asubuhi bado kinakugonga? Chakula unakula, au ndiyo yale yale ya chai na mkate ukiwa umesimama?

Sisi huku hatujambo. Mpwa wako amejifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti inayozidi zetu zote zikichanganywa. Kwa hiyo wewe sasa ni babu, upende usipende. Shemeji yako naye ni mzima, ingawa uzima wake una maelezo, na maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya niache kazi za watu nikae kuandika.

Ujumbe wako niliupata juzi nikiwa kwenye cherehani ya umeme. Uliandika kwa mzaha kwamba pua imekuwa kama nyanya iliyokanyagwa, na kwamba ile mashine ya kupumulia umeirudisha sandukuni ikae likizo mpaka pua ipoe. Najua ulitaka nicheke. Mguu wangu uliganda juu ya pedali, sindano ikaenda mbio peke yake ikapiga mshono katikati ya gauni la mteja. Nimelifumua jana kutwa.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu utanichekesha, nami nitakata nikiwa sijasema nilichokusudia. Umenifanyia hivyo tangu ukiwa mdogo. Karatasi huwezi kuikatiza.

Sasa nisikilize. Unakumbuka shemeji yako alipewa mashine kama yako mwaka jana, baada ya daktari kugundua kwamba pumzi yake inakatika usingizini mara nyingi kila saa. Wiki za mwanzo zilikuwa neema. Aliamka akipiga mluzi. Alikumbuka alipoweka funguo. Alikaa mpaka mwisho wa mazungumzo bila kusinzia, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ndoa hii.

Kisha barakoa ikaanza kuvuja hewa. Ilimpuliza machoni, akaamka na macho mekundu. Akaniomba nimsaidie, maana mimi ni fundi nguo, na nguo ikipwaya naipunguza. Nikakaza mikanda ya kichwani. Ikavuja tena, nikakaza tena. Asubuhi alikuwa na mistari mashavuni kama mtu aliyelalia mkeka, na alama nyekundu juu ya mgongo wa pua. Nikasema pua itazoea.

Haikuzoea, Kijiti. Alama ikawa mchubuko, mchubuko ukawa kidonda. Yeye akaanza kupaka mafuta mazito kila anapokwenda kulala ili kulainisha. Barakoa ikateleza kwa yale mafuta, hewa ikavuja zaidi, na mimi nikakaza zaidi. Mikono hii hii.

Na kumbuka kazi yake. Kinyozi hafichi uso. Mbele yake kuna kioo kirefu ukuta mzima, na kila anayekaa kwenye kiti anamtazama yeye kutwa. Siku moja mteja akamuuliza mbele ya watu, "Fundi, hicho kidonda kinaambukiza?" Wengine hawakuuliza. Walisema wana haraka, halafu akawaona wanakaa kwenye kiti cha kinyozi mwenzake. Jioni alirudi akakaa mezani akijigusa pua kwa ncha ya kidole. Hakuniambia kitu siku hiyo. Mimi nilidhani ni uchovu.

Wakati huo ndipo mpwa wako alipojifungua, nikahamia chumbani kwake kumsaidia na mtoto. Kila nikilala niliusikia mvumo wa mashine ukutani, ule ule unaoujua, kama mtu anayepuliza uji usiopoa. Nikawa natulia. Nilijiambia, mume wangu anapumua. Hivyo siku tisa.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Saa nne asubuhi yule kinyozi mwenzake alipanda ngazi zetu mbili mbili, akasimama mlangoni na kitambaa cha kunyolea bado kikiwa begani.

"Shemeji, njoo dukani," akasema. "Hajafa mtu."

Hakuna mtu aliyetaja kifo mpaka hapo. Sijui niliteremkaje, najua tu kwamba nilifika nikiwa na futi ya kupimia shingoni na kiatu kimoja cha binti yangu.

Mwalimu mstaafu, yule mteja wake wa miaka mingi anayependa kunyolewa ndevu kwa wembe, alikuwa kwenye kiti, amekandamiza taulo chini ya sikio. Taulo lilikuwa jekundu. Shemeji yako alikuwa kwenye benchi la wateja, mikono ameibana katikati ya magoti. Povu la sabuni lilikuwa limemkaukia vidoleni. Wembe ulikuwa sakafuni na hakuna aliyethubutu kuuokota.

"Nimelala," akaniambia. "Nimelala nimesimama."

Mwalimu ndiye aliyemtetea. Alisema kwa sauti ya darasani kabisa, "Fundi hakunikata. Aliniegemea." Kisha akajaribu kucheka, lakini taulo likamkumbusha. Jeraha lilikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti. Zahanati walilishona nyuzi tatu. Yule muuguzi aliyeshona alipima kwa macho kutoka mshono hadi kwenye mshipa unaopiga shingoni, akatutazama. Nilipima na mimi. Mdogo wangu, kupima ndiyo kazi yangu. Ni vidole viwili.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza kimetokea nini, na mashine anaitumia, mimi mwenyewe naisikia.

"Unasikia mashine," akasema. "Naiwasha usisumbuke. Barakoa naiweka juu ya mto wako, mimi nalala pembeni."

Siku tisa, Kijiti. Siku tisa mashine ilikuwa inaupulizia mto, na mimi ng'ambo ya ukuta nikashukuru. Nilikaa kitandani. Nilitaka kumfokea. Lakini nilipouona ule uso wake karibu, na kidonda kile kimechimbika na kingo zake nyeupe, nikajua kwamba nusu ya kosa ilikuwa yangu. Nilikuwa nambana mtu usoni kama nakaza kamba ya mzigo, halafu nashangaa anakimbia.

Jumatatu tulikwenda kliniki ya usingizi. Nilitarajia kugombezwa. Muuguzi wa pale, mama mmoja mpana mwenye sauti ya chini, akasoma kumbukumbu za mashine, akasema mashine inaonyesha imekuwa ikipuliza hewa chumbani bure. Shemeji yako akainamisha kichwa. Kisha muuguzi akaitazama pua yake, akauliza ni nani anayekaza mikanda. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Hakunigombeza. Alimlaza shemeji yako kitandani jinsi anavyolala nyumbani, maana uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyesimama. Akawasha mashine kwanza. Akalegeza mikanda yote, akaivuta barakoa kidogo kutoka usoni ili ule mpira laini wa pembeni ujae hewa, akairudisha polepole, ndipo akavuta mikanda, kulia na kushoto sawasawa, kidogo kidogo, mpaka uvujaji ukakoma. Akavichukua vidole vyangu akaviingiza chini ya mkanda. Viwili viliingia bila shida. "Inakaa kwa hewa," akaniambia, "haikai kwa nguvu." Na ikawa haivuji! Mimi niliyekuwa nakaza mpaka masikio yanageuka rangi.

Tena ikaonekana barakoa yenyewe ilikuwa kubwa kuliko uso wake. Tangu mwanzo. Hakuna mtu aliyempima vizuri. Alipewa saizi ndogo, na kwa muda kidonda kikipona akapewa ya aina nyingine, inayokaa chini tu ya matundu ya pua bila kuugusa mgongo wake. Kidonda muuguzi akakifunika kwa plasta nyembamba laini kama ngozi ya pili, akatuonya tusiweke plasta au pamba yoyote tu tuliyookota dukani, maana barakoa itapanda juu yake na kuvuja.

Mafuta mazito akayakataza kabisa. Yanaharibu ule mpira na kuutelezesha. Uso unaoshwa kabla ya kulala, unakaushwa, basi. Mpira wa barakoa unaoshwa kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, unaanikwa kivulini. Sisi tulikuwa tunauosha tukikumbuka, na jasho la wiki lilikuwa linamla ngozi. Ukishakuwa mgumu au wa manjano, unabadilishwa. Kama ndani ya pua ndiko kunakouma na kukauka, waambie, kuna kile kichombo cha maji cha mashine cha kulainisha hewa, na kuna maji ya chumvi ya kudondoshea puani. Usijitungie dawa. Na kidonda kikianza kutoa usaha, au kikivimba na kuwa cha moto, au ukapata homa, unakwenda siku hiyo hiyo.

Mwisho akamgeukia shemeji yako. "Pua inapona," akasema. "Lakini usiache kuvaa kimya kimya. Piga simu hapa uniambie unaumia. Ndiyo kazi yangu."

Kidonda kilifunga baada ya wiki mbili na ushei. Imebaki alama inayong'aa kidogo, anasema inamfanya aonekane msomi aliyevua miwani. Wembe hakuugusa wiki tatu, alikuwa anakata nywele tu. Halafu Ijumaa moja Mwalimu aliingia, akakaa kwenye kile kiti, akainua kidevu. Kinyozi mwenzake ndiye aliyenisimulia. Shemeji yako alikwenda kunawa uso, akarudi akamnyoa. Alichukua karibu saa nzima. Aliporudi nyumbani alilia, nami nikamwacha alie.

Kwa hiyo mambo yetu yamekaa sawa. Ila mimi hofu haijanitoka. Nimerudi chumbani kwetu, na hata leo mvumo ule haunitoshi. Lazima ninyooshe mkono niguse barakoa nihakikishe ndani yake kuna mtu.

Na wewe huko, kuna nani wa kuigusa barakoa yako usiku? Unalala peke yako kwenye chumba ambacho hata mlango wake sijawahi kuuona. Asubuhi unashika usukani wa basi la shule, na watoto thelathini na wawili wanakaa nyuma yako wakiimba. Shemeji yako alisimama kwa miguu yake miwili na wembe mkononi, mtu makini kuliko wote ninaowafahamu, na bado usingizi ulimchukua. Wewe umekaa, tena kiti kina mto.

Kuna jambo moja sijawahi kukuambia. Nimelikalia miaka thelathini na moja.

Baba alipofariki wewe ulikuwa shule ya bweni. Uliambiwa alilala akaamka kwa Mungu, na watu walisema ni kifo kitamu. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Unajua jinsi alivyokuwa akikoroma, mpaka majirani walimtania. Usiku ule mkoromo ulikuwa mkubwa, unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika. Nilikuwa na mtihani asubuhi. Nilijifunika mto masikioni nikamlaani moyoni. Kisha ukakatika, haukurudi. Nikasema, afadhali. Nikageuka upande wa pili nikalala usingizi mzuri.

Sijui kama ndicho kilichomchukua. Hakuna daktari aliyemtazama, na mashine hizi hakuna aliyekuwa amezisikia. Siku ile kliniki, muuguzi alipoeleza jinsi pumzi inavyokatika, niliisikia ile "afadhali" yangu kama imesemwa na mtu nyuma yangu. Shemeji yako tu ndiye anayejua, na sasa wewe.

Nakuomba, barua hii ikikufikia, usisubiri hata chai. Wapigie simu kliniki yako. Waambie pua imechubuka na umeacha kuvaa, wakuone upesi. Usione haya. Uliza kama kuna barakoa ya aina nyingine isiyogusa hapo penye kidonda ili ulale nayo leo leo. Na mpaka umelala na mashine na kichwa kimetulia, mwambie mkuu wa shule ukweli, mtu mwingine aendeshe lile basi. Najua utachukia kumwambia. Mwambie.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema pua zote mbili zikipona mpige picha pamoja. Mpwa wako anakusalimu na anangoja uchague jina la utani la mjukuu wako. Mwalimu naye, aliposikia nakuandikia, alisema nikupe salamu zake na za nyuzi zake tatu.

Mungu akulinde ulalapo, akuamshe kesho, na keshokutwa, na siku zote ambazo siwezi kukugusa nihakikishe. Ukikoroma, koroma. Nakuomba tu usinyamaze.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa hofu yote.