Ufa wa Boma la Ziwani

Jumatatu, 3 Novemba 1997
Chokaa tena. Tumepiga lipu ukuta wa upande wa ziwa hadi saa saba. Boma hili la Wajerumani ndiyo mahakama yetu. Katibu tarafa anataka saruji. Nimekataa. Saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukaoza. Masanja, fundi mwenzangu kwa miaka kumi na minne sasa, anachimba mtaro wa maji. Kajitolea mwenyewe. Ajabu. Hapendi sururu.

Jumatano, 5 Novemba
Ufa. Kona ya ziwani, juu ya meza ya Mama Neema, karani. Jana haukuwepo. Sina raha.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeshuka mtaroni. Haufuati ukuta, unaingia chini yake. Shimo la kupita mtu, limeegemezwa kwa magogo kama duara, lile shimo la wachimba dhahabu. Masanja hakukana.
"Wajerumani walifukia dhahabu hapa, kaka. Babu aliwabebea masanduku. Nipe siku tatu tu. Nduhu tabu, hakuna shida."
Nikampa. Urafiki, nilijiambia. Uongo. Tamaa ilinipanda na mimi.

Jumamosi, 8 Novemba
Mvua kutwa. Ufa sasa unaingia kidole. Nimeuziba kwa chokaa usionekane. Mimi, fundi. Najichukia.

Jumatatu, 10 Novemba
Kesi ya ng'ombe, watu wamejaa. Nikiwa nje nikasikia mawe yakisagana. Nikaingia bila hodi.
"Tokeni! Ukuta unakuja!"
Hakimu alifoka, kisha akaona vumbi. Watu wakatoka mbio. Mama Neema alikumbatia majalada, hataki kuyaacha. Nikamvuta mkono. Tulipofika mlangoni, kona ikaanguka. Meza yake imezikwa.
Masanja alikuwa uwanjani, mikono kichwani. Hakuwa shimoni, namshukuru Mungu.
Nikamweleza hakimu yote. Nilianza na la kwangu, la kuuziba ufa. Masanja kapelekwa kituoni.

Ijumaa, 14 Novemba
Katibu tarafa anasema boma zima libomolewe. Siwezi kukaa, siwezi kula. Hakimu kambishia: kuta tatu ni nzima. Jioni wamekubaliana litengenezwe, kwa chokaa. Mimi nimeondolewa kazini. Haki yao.

Jumapili, 23 Novemba
Fundi mpya katoka Mwanza. Anajua chokaa. Shimo limejazwa, halikuwa na kitu.
Baada ya kanisa nimemkuta Masanja uwanjani. Yuko nje kwa dhamana. Anachambua mawe yaliyoanguka, makubwa huku, madogo kule. Hatukusalimiana. Nikavua koti, nikaanzia upande wa pili.
Mama Neema alipita na ndoo ya maji. Akanipa kikombe mimi, kisha Masanja. Tukanywa.