Nilivyomkimbia Baba Mkwe Kituoni

Jumatano

Na bado naona aibu. Mimi, askari polisi, nimejifungia mwenyewe mahabusu.

Nilikuwa peke yangu kaunta. Mara nikamwona baba mkwe anaingia getini. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso, na tangu niolewe sijawahi kukosea hilo. Nikakimbilia mahabusu ya wanawake, leo ilikuwa tupu, nikavuta mlango. Mlango ule ukivutwa unajifunga. Funguo nimeziacha kaunta.

Mzee alikuwa ameshaniona nikikimbia. "Mama," akasema taratibu, "kitambulisho changu kimepotea, nataka ripoti tu. Nimegeukia ukutani. Njoo uandike."

Ningemjibu nini? Kwamba niko ndani na siwezi kutoka? Nilimsikia akihema, maana ametembea kutoka Ilomba na ule mguu wake mbovu. Amesimama pale karibu nusu saa, halafu akaondoka bila karatasi.

Sajenti aliporudi kutoka kunywa chai ndiye aliyenifungulia. Amecheka mpaka akakaa chini. Yeye sina neno naye.

Jioni mume wangu akapiga simu kutoka Iringa. Baba yake alikuwa ameshamweleza. Nikajiandaa kugombezwa.

"Baba anasema hajawahi kuona mkamwana mwenye heshima kama wewe. Kesho atarudi tena, wakati hupo zamu."

Nikasema asante. Habari ya mlango sikumwambia.