Neno la Kikorea na Shangazi Tabitha

Jumatatu, 3 Machi 1947
Nimefagia zahanati tena. Bibi, mwalimu wetu wa misheni aliyeishi Korea kabla ya vita, amenifundisha neno lingine la huko: susanghada. Si la shaka iliyo moyoni mwako. Ni la mtu au kitu kinachotia shaka, kinachoonekana kuficha jambo. Kaniambia nitunge sentensi. Nimesema mbuzi wa jumbe ni susanghada.
"Kafanya nini?"
"Anautazama uji wangu, Bibi."
Kacheka sana.

Alhamisi, 6 Machi
Mwanamke ameuawa ng'ambo ya korongo. Wanasema si simba, ni watu waliovaa ngozi za simba. Askari wanapita nyumba kwa nyumba. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi Tabitha, anayenilea, ametoka jioni na ugali kikapuni. Peke yake, wakati huu! Karudi na kikapu kitupu. Sentensi ya susanghada imenijia yenyewe. Sitaki kumpa Bibi.

Jumatatu, 10 Machi
Kisimani mke wa jumbe kaniuliza mbele ya wote: "Wee msomi, shangazi yako anafuga nani porini?" Wakacheka, kisha wakajitenga nami. Wanawake wamekamatwa kwa kuwalisha watu-simba. Wananyongwa. Nilitaka kusema hapana. Sijui kama ni hapana. Nachukia kutojua.

Jumanne, 11 Machi
Nimemfuata shangazi. Kwenye kibanda cha zamani cha kulindia mtama yumo Yona, mwanawe, tuliyeambiwa yuko Tanga kwenye mkonge. Ana ukoma. Vidole vimekwisha.
Shangazi kanikamata mkono. "Ukisema, watamchoma na kibanda chake."
"Usiposema, watakunyonga wewe."
Sijawahi kumjibu hivyo. Tumelia wote watatu.

Jumatano, 12 Machi
Shangazi kakubali nimwambie Bibi. Bibi kaenda kwa jumbe, jumbe kaja kibandani na askari. Wanaume walisimama mbali. Yona kawaamkia, "Shikamooni." Askari wakavitazama vidole vyake. Mwishowe jumbe: "Marahaba, mwanangu." Askari wakaondoka bila shangazi.

Ijumaa, 14 Machi
Yona yuko kwenye kambi ya wakoma ya misheni. Bibi haahidi kwamba atapona. Ameniuliza sentensi yangu. Nimempa: Shangazi alionekana susanghada kwa sababu alibeba chakula peke yake. Kasema nimelitumia sawasawa. Sikufurahi.
Majirani hawajaja kwetu. Leo shangazi kapika mchana, kajitwika chakula cha Yona, kapita njia kubwa akimsalimu kila mtu. Nilikuwa nyuma yake. Mke wa jumbe alichelewa kidogo. Kisha akaitikia.