Posa ya Kampuni na Nyumba Yangu

Jumatano, kisha chakula ya jioni

Kichwa inanizunguka. Furaha, binti yangu anayekaa Kampala, amepiga tena telefone. Anataka niuze nyumba ya kupangisha, tununue aksio, ni kusema vipande ya kampuni.

Anasema kampuni moja kubwa imeposa ingine kidogo. Wamekubaliana, lakini arusi haijafanyika, ndiyo maana bei ya aksio ya ile kidogo ingali chini. Arusi ikifanyika, tunapata faida.

Nikamuuliza: "Na posa ikivunjika, ng'ombe za mahari zinarudi?"

"Ee Mama! Hakuna ng'ombe. Bei inaanguka, tunapoteza."

Huku kwetu ng'ombe zinarudi. Sielewi ni posa gani hiyo.

Akasema kuko dawa yake, inaitwa opsio. Unalipa kidogo, unapata haki ya kuuza kwa bei ya leo hata ikianguka. Hiyo nikaipenda. Nikamuuliza kama iko ya nyumba pia: vita ikirudi hapa Bunia, nani atanunua yangu kwa bei ya leo?

Akacheka. 

"Hakuna, Mama."

Basi niuze sasa, ao nishike? Furaha amesoma, miye hapana. Labda anasema kweli. Lakini...

Kisha Mama Debora, mupangaji wa nyumba hiyo, aliyekimbia vita kule Djugu, akakuja kuomba ruhusa apande mihogo nyuma ya nyumba. Mihogo inaomba mwaka muzima. Nilitaka kumuambia angoje kwanza.

Nikamuambia apande, tena nikamupa jembe yangu. Sasa Furaha nitamujibu nini?