Boksi la Grisi

Jadida, Wete, Pemba

Kwa kaka yangu Salem,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Unguja, wewe, wifi Alya na watoto. Sisi hapa tunapumua, alhamdulillahi. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unanifokea hadi nasahau nililotaka kusema.

Mmanga, yule mpakiaji wetu wa kokoto, amekatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko. Beringi ya mashine ya kupasulia mawe ilikauka grisi, ikaungua, shafti ikavunjika, mkanda ukachomoka na kumvuta. Hayo umeyasikia. Usiyoyasikia ni kwamba kiwandani sasa hakuna anayemtazama mwenziwe usoni. Bwana Maher, mwenye mali, kamfukuza Jaribu mwendesha mashine mbele ya watu wote, akidai amelichezea boksi la kuendesha pampu ya grisi. Jamaa za Mmanga walimmwagia mke wa Jaribu maji ya samaki sokoni Konde. Na wewe ndiye uliyemwambia Bwana Maher kwamba boksi ulilolifunga halikosei, atafutwe mtu.

Kweli halikosei. Dirisha la ofisi yangu linatazamana nalo, nimelisoma kutwa. Linahesabu saa. Hesabu ikiisha linawasha pampu, pampu inasukuma grisi kwenye mipira mpaka kwenye kila beringi, kisha boksi linangoja ishara kwamba grisi imefika. Isipofika, taa nyekundu inawaka na mashine inajizima. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja, kwa sababu pampu haikupata kuamrishwa isukume. Uliipanga hesabu iwe ya muda wa saa sita, ukaliacha boksi lianze kwa kungoja badala ya kusukuma grisi, wala hukuliwekea kumbukumbu. Umeme ukikatwa, linasahau lilipofika na kuanza upya.

Na watu wa kwenu unawajua. Kazi inaanza saa moja asubuhi. Ikiadhiniwa adhuhuri, Jaribu anashusha swichi kuu ya umeme, watu wanakwenda kusali. Alasiri vivyo hivyo, na magharibi wanafunga. Saa sita hazitimii kamwe. Mashine iliendeshwa kwa grisi uliyoipaka kwa mkono siku ya kulifunga boksi, basi. Tangi likabaki limejaa, na Bwana Maher akakusifu kuwa umemwondolea israfu.

Nilikuambia mwezi wa Shaabani. Nilisema namba zinarudi sita kila baada ya sala. Ulicheka, ukasema karani nikae na kalamu yangu, huwezi kupanda boti kuja Pemba kwa ndoto za mtoto wa kike.

Jaribu mwenyewe ndiye aliyetaka isomwe halbadiri, dua ya kumwapiza mkosaji, ili aliyesababisha ashukiwe na balaa ajulikane, na yeye asafike. Nilipokupigia nikilia, ulisema waache wasome, Mungu ana kazi nyingine kuliko wapasua mawe. Kaka, nimekuogopa tangu utotoni, lakini kwa neno lile nilikuchukia.

Ijumaa jamaa za Mmanga na Jaribu walikusanyika kwa Shehe Bakar. Chetezo cha ubani kilikwisha kuwashwa nilipopiga hodi. Nikaeleza yote: saa, swichi, sala, na jina lako. Nduguye Mmanga alinitukana, akasema ukoo wetu, toka enzi za kumiliki mashamba, hauoni watu, unaona punda. Jaribu alijifunika uso kwa kofia yake akalia. Shehe akaamuru chetezo kitolewe nje, akasema dua hii ni ya kumtafuta asiyejulikana, na wewe umeshajulikana. Amekupa mpaka Ijumaa ijayo uje umkabili Mmanga, na umsafishe Jaribu mbele ya Bwana Maher. Usipokuja watasoma, na mara hii watakutaja kwa jina lako na la mama aliyekuzaa.

Nilimweleza mama usiku uleule. Nilidhani atanitoa nyumbani. Alikunja msala wake, kisha akaniuliza, usipokuja, halbadiri itasomwa baada ya sala gani, kwani anataka awahi kukaa mbele aitikie amin.

Wasalimie watoto, uwapakate kwa niaba yangu. Wifi Alya mpe salamu, wala usimfiche barua hii. Mwenyezi Mungu akufikishe salama.

Nduguyo,
Ruweida