Sabini kwa Dakika

Jumatatu, 4 Machi

Leo atomu zangu zimesahau tena. Milisekunde thelathini — kwisha! Mwaka jana zilikuwa zinafika hamsini bila kusukumwa.

Mama bado haamini kwamba nasomea kitu kama hiki. Kichupa cha kioo chenye mvuke wa metali iitwayo rubidi. Tunakimulika kwa leza hadi spini za atomu zote, visumaku vyake vidogo, zielekee upande mmoja, kisha tunaziacha zizunguke pamoja tuone zitaachana lini. Kama watoto wa gwaride. Ikipita kelele kidogo ya sumaku — lifti, pampu, simu — huyu anawahi, yule anachelewa, gwaride limeharibika. Kelele nyingine naitia mimi mwenyewe kwa kipimo. Hii ya sasa sijaitia mimi. Na tasnifu inatakiwa mwisho wa mwezi!

Mzee Bisibisi, fundi wetu, kanituma tena chumba cha sumaku kubwa nikamletee waya. Mara ya tatu leo. Uvivu wa uzeeni! Na ni yeye huyohuyo aliyenirudisha mlangoni asubuhi kwa ajili ya kibanio cha nywele. Pale mlangoni kuna karai la plastiki: funguo, saa, mkanda, chochote chenye chuma kinabaki humo. Hapa hata waziri anavua mkanda, kasema.

Jumanne, 5 Machi

Nimeiona! Nimechora kelele zote kwenye grafu, na katikati ya vichaka kuna mstari mmoja umesimama wima kama mlingoti. Mara sabini kwa dakika. Kasi yake haipandi, haishuki. Mashine gani hiyo?

Nilimkimbilia Profesa nikiwa peku. Akafurahi, na Profesa hajafurahi tangu mwaka jana. Kasema hatatia sahihi tasnifu yangu mpaka mstari huo upate jina.

Alhamisi, 7 Machi

Tumezima friji. Tumezima pampu ya maji, watu wa ghorofa za juu wakaja juu kwelikweli. Tumezima feni, tumetoka jasho. Mstari upo palepale.

Mzee Bisibisi hakusema neno siku nzima. Na huyu ni mtu anayeongea hata na skrubu.

Ijumaa, 8 Machi

Mzee aliomba ruhusa ya asubuhi, ana miadi hospitali. Macho, kasema.

Mstari haupo. Milisekunde hamsini na mbili! Nilicheza peke yangu maabara.

Saa nane Mzee karudi, kavua mkanda, kaketi kwenye stuli yake. Mstari umerudi.

Nikaacha kucheza.

Jumatatu, 11 Machi

Wikendi nzima nimekuwa nikijishika mkono kuhesabu mapigo. Nikikaa, sabini na nne. Nikipanda ngazi, mia na kumi. Moyo wa mtu hupanda na kushuka. Ule mstari unakwenda kwa kuamriwa.

Leo tulipobaki wawili sikuzunguka mbuyu. Mzee, una nini kifuani? Alikaza skrubu yake hadi mwisho, kisha akagusa chini ya bega la kushoto.

"Hiki siwezi kukiweka karaini, binti yangu."

Kifaa cha kuuongoza moyo. Miezi minne sasa. Ile likizo aliyosema anakwenda kumalizia nyumba! Na sheria ya jengo inajulikana: mwenye kifaa hicho haruhusiwi kukanyaga ghorofa hii, kwa sababu sumaku kubwa inaweza kukivuruga. Kumbe ndiyo maana hunituma mimi. Nami nikamwita mvivu. Naona aibu hadi masikioni.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Amebakiza miezi kumi astaafu. Mkewe hayupo tena, watoto wako mbali. Koili zote za humu, waya juu ya waya, kazisokota kwa mikono yake. Nyumbani kuna kiti kimoja na redio, kasema, nikae niitazame redio? Kisha akacheka: "Lakini hizi atomu zenu ni wambea kweli!"

Nimemwahidi nitanyamaza. Nampenda huyu mzee, na sijui kama nimemtendea wema.

Jumatano, 13 Machi

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu umeponza kichwa cha mwenzangu. Nani alinituma nikimbie kwa Profesa?

Leo nilimdanganya kwamba ni feni ya jirani. Kanitazama weee. Feni gani inayokwenda na kurudi? Ameona kwenye rekodi zangu mwenyewe: Ijumaa asubuhi mstari haupo, saa nane upo. Kikulacho ki nguoni mwako, kasema. Anadhani mmoja wetu huingia na saa au simu mfukoni. Keshokutwa kila mtu atasimama kando ya kichupa, mmoja mmoja.

Na tuko watatu tu!

Alhamisi, 14 Machi

Mlango wa sumaku kubwa ulikuwa wazi. Mzee akawa anapita, kichwa chini, mawazo tele. Nilipiga ukelele akaruka nyuma. Tulibaki wote wawili, kila mmoja kashikilia ukuta wake.

Nikamwambia: mimi sisemi, Mzee, lakini sitaki kukuzika. Sema mwenyewe. Karakana ya juu ina dirisha kubwa, koili zinasokotwa hata kule. Nitakuwa napanda kukuletea waya, si nimeshazoea kutumwa?

Hakucheka. Baadaye kabisa, akifunga sanduku lake la vifaa, akasema nimpe hadi kesho.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika hapahapa mezani, Profesa anadhani natia takwimu.

Yeye kasimama kwanza. Safi. Nimesimama mimi. Safi — chombo chetu hakioni moyo wa mtu wa kawaida, vinginevyo ningeumbuka.

Sasa Mzee Bisibisi. Saa karaini. Mkanda. Funguo. Hata miwani, nayo ni ya plastiki tupu.

Skrini imeelekea kwangu peke yangu. Mstari unapanda polepole, mrefu kuliko siku zote. Sabini. Atomu zinaachana nikiziona.

Profesa anauliza: upo au haupo?

Naendelea kuandika. Anauliza tena.

Mzee hanitazami mimi, anamtazama yeye. Mkono uko kwenye shati. Kifungo cha kwanza kimefunguka. Cha pili kimegoma. Naweka kalamu chini, nikamsaidie.