Gurudumu Lisiloyumba

Sumbawanga,
Julai 14

Mdogo wangu mpenzi Angela,

Salamu nyingi kutoka kwetu baridini. Hujambo huko Mpanda, wewe na shemeji na watoto? Cherehani inakwenda? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila uji wake wa ulezi anaumaliza, na wifi yako Mariana anasema umenenepa kwenye picha. Ningekupigia simu, lakini haya ya leo ni afadhali niyaandike.

Angela, kaka yako ameshinda! Mwezi wa tano Sista Bertilla, anayefundisha michezo shuleni Kaengesa, alikuja karakana akitaka baiskeli ya gurudumu moja kwa ajili ya sikukuu ya shule. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Mdomo wangu unaujua.

Kuchomelea ekseli ya pedeli kwenye habu, pale katikati ya gurudumu, kulinichukua siku moja tu. Spoki ndizo zilinitoa jasho. Nilizisuka zote thelathini na sita, nikageuza foko juu chini, nikatia gurudumu katikati ya panda zake, nikafungia bua la ulezi karibu na ringi, nikazungusha. Kila ringi ilipogusa bua nilikaza upande wa pili. Nikakaza, nikakaza, hadi spoki tatu zikakatika na ringi ikajikunja. Mariana alicheka hadi akakaa chini. Nikafumua, nikasuka upya, ikajikunja tena. Ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa ukifanya wewe ulipokuwa hapa karakana: unalegeza kwanza huku kidogo, halafu unakaza kule kidogo. Wiki ya tatu ringi haikugusa tena bua popote. Niliita majirani waje kutazama!

Juzi Jumamosi Debora, msichana wa kidato cha pili, alipanda gurudumu hilo uwanjani akazunguka mara tatu mbele ya wazazi na mapadri, mikono hewani. Vigelegele vilivyopigwa, acha tu! Mkuu wa shule akanipa kipaza sauti na kuniuliza nani alinifundisha. Nikasema ni mdogo wangu Angela, aliyesuka gurudumu kama hili karakana kwangu akiwa na miaka kumi na saba.

Basi sasa nisikilize. Lile gurudumu lako halikuibwa. Nililifumua mimi, Jumapili ulipokuwa kanisani, spoki moja moja, nikazifunga kwenye baiskeli za wateja. Nilikuwa nimekwambia mbele ya watu kwamba haiwezekani, na wewe ukaweza, tena lilinyooka kuliko lolote nililowahi kusuka mimi. Niliona wivu. Ulilia, ukasema kazi hii huitaki tena, nami nikakuacha uende. Miaka kumi na miwili nimenyamaza. Nisamehe, mdogo wangu. Mama nilimwambia jana, na leo hajaitikia shikamoo yangu.

Sista anataka mengine manne. Nimemjibu kwamba fundi wa kazi hiyo yuko Mpanda, na kwamba mimi mwenyewe nasubiri neno lake. Ukikataa, sitakulaumu. Ukija, meza ya dirishani ni yako, nimeshaondoa vyuma vyangu.

Wabusu wanao, mwambie shemeji namkumbuka. Mariana anakusalimu sana, na mama, ambaye kwako hajanuna, anakuombea.

Ni mimi kaka yako, na mwanafunzi wako,
Zenon